Shajara ya mradi: kupima na kutengeneza kwa nanomita katika maabara ya shahada ya kwanza

Lengo

Mradi unaandaa mfululizo wa mazoezi ya maabara kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu. Kawaida kutengeneza hufundishwa upande mmoja na kupima upande mwingine: zoezi la kutengeneza linaishia kwenye picha nzuri ya hadubini, na zoezi la kupima linatumia sampuli iliyonunuliwa ikiwa na cheti chake. Mwanafunzi anatoka akiweza kusema ametengeneza mistari ya nanomita 740, lakini hawezi kusema kama ni 740 au 733. Katika fani hii tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo uamuzi wa msingi umekuwa huu: kitu kimoja kinafuatwa mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anaandaa kalibu, anatoa nakala yake kwa raba laini ya PDMS, anapima kalibu na nakala kwa njia mbili zisizofanana, kisha anajibu swali moja: nakala imesinyaa kiasi gani, na je, kipimo chake kina uwezo wa kuuona msinyao huo? Mazoezi mengine yote yanaingia kwa sababu swali hilo linayahitaji.

Awamu ya 1: kuchagua kalibu

*Hali: imekamilika.*

Kalibu iliyochaguliwa ni diski tupu ya DVD ya kurekodi. Ina mfereji mmoja unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, na umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni nanomita 740. Umbali huo tunauita hatua. CD ina hatua ya nanomita 1600, Blu-ray 320. Diski zilizochapishwa kiwandani, kama za filamu, hazifai: badala ya mfereji mzima zina vishimo vilivyokatikakatika.

Sababu ya kuchagua DVD ni ya hesabu. Mwanga ukiingia wima kwenye gretingi, yaani uso wenye mistari mingi sambamba kama mifereji ya diski, doa la kwanza linatokea pale ambapo hatua ikizidishwa kwa sini ya pembe inalingana na urefu wa wimbi. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532, CD inatoa doa kwenye digrii 19.4, DVD kwenye digrii 46. Ukiweka ubao milimita 500 kutoka kwenye gretingi, doa la CD linaangukia milimita 176 kutoka katikati, la DVD milimita 517. Sasa chukua nakala iliyosinyaa kwa asilimia 0.97, kiasi ambacho kitaelezwa hapa chini. Doa la CD linasogea milimita 1.9, la DVD milimita 10.7. Kwa rula ya kawaida, la kwanza ni la kubishaniwa, la pili halina ubishi.

Blu-ray imebaki kama zoezi fupi la utangulizi, na ni zoezi zuri sana. Mwanafunzi anaelekeza leza ya kijani wima na haoni doa lolote la pembeni, kwa kuwa sini ingetakiwa iwe 1.66. Akiuinamisha mwanga kupita digrii 41.5, doa linajitokeza likirudi upande ule ule mwanga ulikotoka. Akichukua leza nyekundu ya nanomita 650 hapati doa kwa pembe yoyote ile: 650 kwa 320 ni 2.03, na jumla ya sini mbili haivuki 2. Hapo anaelewa ukomo wa mwanga kama chombo cha kupimia kabla hajaambiwa kwamba ipo hadubini isiyotumia mwanga.

Kati ya DVD-R na DVD+R, tumechukua DVD+R. Hatua ni ile ile, lakini DVD-R ina vishimo vya anwani kwenye matuta yaliyo kati ya mifereji. Chini ya hadubini vishimo hivyo vinafanana na uchafu au kasoro ya nakala, na wanafunzi hupoteza muda kuvisafisha.

Awamu ya 2: kuandaa kalibu na kumwaga PDMS

*Hali: utaratibu umekamilika, umeandikwa kwenye karatasi ya hatua.*

DVD ni bamba mbili za polikaboneti zenye unene wa milimita 0.6 kila moja, zimegandishwa pamoja. Kata kipande cha umbo la pembetatu kwa mkasi mzito, vaa miwani ya kinga kwa sababu polikaboneti hurusha vipande, kisha ingiza wembe mwembamba kwenye ukingo na kutenganisha polepole. Bamba linalohitajika ni lile ambalo leza ya kicheza DVD hupitia ili kusoma. Tabaka la metali likibaki juu yake, bandika selotepu na uivute kwa mkupuo mmoja. Rangi ya kurekodi, ambayo mara nyingi ni ya zambarau, inaoshwa kwa ethanoli au isopropanoli kwa kumimina, bila kusugua. Asetoni hairuhusiwi kabisa mezani: inaifanya polikaboneti kuwa na ukungu na nyufa ndogondogo, na kalibu imekufa hapo hapo.

Kabla ya kuendelea, kwaruza mshale mgongoni mwa kipande kuelekea katikati ya diski. Mifereji iko pembemraba (digrii 90) na mshale huo. Ni kazi ya sekunde chache, na kwenye awamu ya 5 itaonekana kwa nini haiachwi.

Kwa sahani ya kipenyo cha milimita 90, changanya gramu 20 za PDMS na gramu 2 za kigandishi (tunatumia Sylgard 184, uwiano wa 10 kwa 1 kwa uzito). Hiyo inatoa tabaka la zaidi kidogo ya milimita 3. Pima kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Kosa la gramu 0.1 kwenye kigandishi ni asilimia 5 ya uwiano, na ugumu wa raba unabadilika nalo. Koroga kwa dakika tano ukikwangua kuta na chini ya kikombe. Sehemu isiyokorogwa itabaki inanata hata ikikaa oveni siku nzima.

Mapovu yanatolewa kwenye chombo cha ombwe kwa dakika 30 hadi 45. Povu hupanda mara kadhaa ya ujazo wa awali, hivyo kikombe kisijazwe kupita theluthi, na vali ifunguliwe kidogo kila povu linapokaribia mdomo. Baada ya kumwaga juu ya kalibu, rudisha kwenye ombwe dakika kumi zaidi, maana hewa hunaswa kwenye mifereji yenyewe.

Kosa linaloharibu nakala nyingi kuliko yote ni glavu za mpira wa asili. Salfa iliyomo inaua kichocheo cha platini kinachogandisha PDMS, na pale kidole kilipogusa PDMS haigandi kamwe. Glavu ziwe za nitrili. Selotepu na udongo wa kufinyangia navyo visiguse PDMS mbichi mpaka vimejaribiwa pembeni.

Makundi matatu yanagandisha kwa joto tofauti: nyuzijoto 25 kwa saa 48 au zaidi, nyuzijoto 65 kwa saa 4, na nyuzijoto 80 kwa saa 2. Hatupandi zaidi ya hapo. Polikaboneti yenyewe hailainiki mpaka karibu nyuzijoto 147, lakini bamba la milimita 0.6 lililotoka kwenye mashine ya kushindilia lina mkazo ndani yake na hujikunja mapema. Kila kipande kinakaa juu ya kioo kinene kikiwa sawa, na oveni inaangaliwa kwa kipimajoto kilichowekwa karibu na sahani. Namba iliyo mlangoni mwa oveni haitoshi.

Awamu ya 3: utabiri unaandikwa kabla ya kipimo

*Hali: imekamilika, ni sharti la kuingia maabara.*

Mwanafunzi haruhusiwi kuwasha leza kabla hajaandika namba anayoitarajia. PDMS hutanuka karibu sehemu 310 kwa milioni kwa kila nyuzijoto. Inaganda ikiwa na joto la oveni, kisha inapoa na kusinyaa. Kwa tofauti ya nyuzijoto 40 (kutoka 65 hadi 25) mwanafunzi wa kawaida anaandika asilimia 1.24 na kuridhika.

Amesahau kalibu. Polikaboneti nayo imetanuka ndani ya oveni, karibu sehemu 68 kwa milioni kwa kila nyuzijoto, na PDMS ilinakili mifereji iliyokwisha kuachana. Kinachobaki ni tofauti ya hizo mbili: 242 kwa milioni mara 40, yaani asilimia 0.97. Hatua inayotarajiwa ni nanomita 732.8. Kwa nyuzijoto 80, asilimia 1.33 na nanomita 730.2. Kwa kundi la joto la chumba, karibu sifuri.

Utabiri huu una thamani kubwa kwa sababu kosa la kusahau kalibu ni la asilimia 0.27, na leza yenye rula inaliona. Mwanafunzi aliyeandika 1.24 atakutana na kipimo kinachomkatalia, na sababu ataitafuta mwenyewe.

Awamu ya 4: leza na rula

*Hali: vituo viko tayari, karatasi ya hesabu inarekebishwa.*

Kila kituo kina leza ya kijani ya chini ya miliwati 1, kishikio cha sampuli, ubao mweupe ulionyooka wa mita 1.2 na rula ya chuma. Leza hizi za kijani hupatikana kwa kuzidisha mwanga wa infraredi, na za bei ya chini huvujisha infraredi isiyoonekana, hivyo kichujio kinafungwa mbele yake na kukaguliwa kila muhula. Njia ya mwanga iko chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kwa kuwa madoa ya digrii 46 yanaenda kwa majirani wa pande zote mbili.

Kwa nini kijani na si nyekundu, wakati nyekundu inatoa pembe kubwa zaidi? Kwa sababu ya urefu wa wimbi. Leza ya kijani ya aina hii inakaa kwenye 532 kwa sehemu ndogo tu ya nanomita. Kileza chekundu kilichoandikwa 650 kinaweza kuwa nanomita kadhaa pembeni, na hubadilika kikipata joto. Nanomita 5 kati ya 650 ni asilimia 0.77, karibu sawa na msinyao tunaoutafuta.

Utaratibu ni huu. Sampuli inageuzwa mpaka mwanga unaorudi uingie tena kwenye tundu la leza. Hapo mwanga unaingia wima. Madoa yote mawili, la kushoto na la kulia, yanapimwa na wastani unachukuliwa, maana mwinamo mdogo uliobaki unalirefusha moja na kulifupisha jingine. Yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 5, rudia kunyoosha badala ya kutegemea wastani.

Kuna jambo ambalo karatasi nyingi za maabara hazilitaji: upande gani wa nakala uelekee ubao. Nakala ya PDMS yenye unene wa milimita 4 ikigeuzwa mifereji upande wa leza, mwanga uliochepuka unasafiri ndani ya raba kwa pembe ndogo zaidi (kiwango cha mpindo cha PDMS ni karibu 1.41, hivyo pembe ndani ni digrii 30.7) kabla ya kutoka. Pembe ikifika hewani ni ile ile ya 46, lakini doa limehama milimita 1.8 kuelekea katikati. Hiyo ni karibu sehemu ya sita ya badiliko lote linalotafutwa. Kwa hiyo mifereji daima iangalie ubao, na milimita 500 zipimwe kutoka kwenye uso wa mifereji. Kishikio kina ukingo wa kuegemezea uso huo ili kalibu ya milimita 0.6 na nakala ya milimita 3 au 4 zikae mahali pamoja.

Nakala hailazwi kwa kuvutwa. Gusisha ukingo mmoja kwenye kioo uache raba ijilaze yenyewe. Kuivuta kwa asilimia moja kwa vidole ni rahisi mno, na ikishanata kwenye kioo inabaki imevutika. Dalili yake ni kwamba hatua inayopimwa inabadilika ukiibandua na kuilaza upya. Kila kundi linalaza nakala yake mara tatu na kuripoti mtawanyiko.

Sasa hesabu ya shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea. Badiliko dogo la umbali wa ubao, au la mahali pa doa, linaingia kwenye hatua likiwa limezidishwa kwa mraba wa kosini ya pembe, ambao hapa ni 0.483. Chukua milimita 1 kila upande kwa umbali, milimita 1 kwa katikati ya doa, na nanomita 0.5 kwa urefu wa wimbi, kila moja igawiwe kwa kipeuo cha pili cha 3 kwa sababu hatujui iko wapi ndani ya mipaka hiyo. Zinatoka asilimia 0.056, 0.054 na 0.054. Miraba yake ikijumlishwa, kisha kipeuo cha pili cha jumla kikichukuliwa, ni asilimia 0.095, yaani nanomita 0.7; kwa mpaka mpana wa mara mbili, nanomita 1.4. Leza ndogo na rula zinapima nanomita 740 kwa uhakika wa nanomita moja na kitu. Wanafunzi wanastahili kukaa na namba hiyo kwa muda kabla ya kupelekwa kwenye mashine kubwa.

Kuna njia bora zaidi, nayo inaachwa waigundue: kupima uwiano wa nakala kwa kalibu kwenye kituo kile kile, kikao kile kile. Urefu wa wimbi unafutika kabisa kwenye uwiano. Kosa la milimita 1 kwenye umbali wa ubao linashuka kutoka asilimia 0.1 hadi karibu 0.002, kwa kuwa linakosesha pande zote mbili karibu sawasawa. Kinachobaki ni usomaji wa doa, mlazo wa nakala, na joto la chumba: nyuzijoto 5 tu zinabadilisha hatua ya PDMS kwa nanomita 1.1. Kipimajoto kinasomwa pamoja na rula.

Awamu ya 5: hadubini ya nguvu za atomi

*Hali: mazoezi ya kalibu yamekamilika; ya PDMS yanaendelea.*

AFM, iliyoelezwa na Binnig, Quate na Gerber mwaka 1986, inapapasa uso kwa ncha iliyo mwishoni mwa kiwenzo, yaani mkono mdogo unaopinda, cha silikoni. Mwanafunzi anaiendea akiamini kwamba itampa namba sahihi kuliko rula. Kwa hatua ya gretingi imani hiyo haina msingi, na awamu hii imejengwa ili aione mwenyewe.

Picha ya kawaida ni nanomita 10,000 kwa 10,000, nukta 512 kwa mstari, mistari 256, mstari mmoja kwa sekunde; inachukua zaidi ya dakika nne. Nukta moja ni nanomita 19.5. Anayesoma hatua kwenye mfereji mmoja tu ana kosa la asilimia 2 hadi 3 papo hapo. Lazima ahesabu mifereji yote 13 inayoonekana na kugawa.

Makosa makubwa yako kwingine. La kwanza ni mwelekeo. Mifereji isipokuwa mraba na mwendo wa ncha, kila hatua inaonekana ndefu kwa kugawanywa na kosini ya mwinamo. Kwa mwinamo wa digrii 8, hatua inakua kwa asilimia 0.98. Nakala iliyosinyaa asilimia 0.97 itaonekana sawasawa kabisa na kalibu yake, na ripoti itasema hakuna msinyao. Ndiyo sababu ya mshale uliokwaruzwa mgongoni. Mwinamo uliobaki unapimwa kwenye picha yenyewe na kusahihishwa.

La pili ni mhamo wa taratibu. Milimita 20 za alumini zikibadilika joto kwa nyuzijoto 0.1 zinahama nanomita 46. Mhamo huo ukienea kwenye dakika nne za picha unaonekana kama gretingi iliyovutwa au kubanwa, lakini kwa upande wa mwendo wa polepole tu. Mstari mmoja wa sekunde moja hauathiriki kiasi hicho. Kwa hiyo mifereji inakatwa na mwendo wa haraka, mashine inaachwa ikiwa imewashwa saa nzima kabla ya kazi, na picha ya kwanza baada ya kuhamia mahali papya inatupwa: piezo, yaani kipande kinachosogeza ncha au sampuli kikipewa volti, inaendelea kutambaa baada ya kuruka, na mifereji inaonekana imepinda upande ambako picha ilianzia.

La tatu ni ugezi, yaani kuilinganisha mashine na kipimo cha rejea chenye cheti. Piezo isiyo na kihisi cha mahali haiendi sawasawa na volti, na kiasi inachokosea hutegemea ukubwa na kasi ya picha. Ugezi wa nanomita 50,000 hautumiki kwa picha ya 10,000. Hata baada ya ugezi mzuri, shaka ya asilimia 1 kwenye mhimili ni ya kawaida kwa mashine ya kufundishia, nayo ni nanomita 7.4, zaidi ya mara kumi ya ile ya leza.

Hapa ndipo mnyororo wa vipimo unapoingia darasani kwa maana halisi. Mita inafafanuliwa tangu 1983 kwa kasi ya mwanga, na leza inaibeba moja kwa moja hadi mezani. Upande wa chini kabisa, umbali kati ya safu za atomi kwenye fuwele ya silikoni, nanomita 0.192 kwa safu zinazoitwa 220, umekubaliwa tangu 2019 kama njia ya pili ya kuifikia mita. Wanafunzi wanachora mnyororo kutoka kwenye cheti cha gretingi ya rejea mpaka mojawapo ya ncha hizo.

AFM inatawala kwenye kina cha mfereji na umbo la ukingo, ambavyo leza na rula haviwezi kuvisema. Lakini hapo pia ncha inaacha alama yake. Zoezi dogo la chembe za dhahabu za kipenyo cha nanomita 20 linaonyesha wazi: kimo kinasomeka 20, lakini upana ni mara nne ya kipeuo cha pili cha nusu kipenyo cha chembe kikizidishwa kwa nusu kipenyo cha ncha. Ncha mpya yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 inaonyesha upana wa 40, ncha iliyochakaa ya nanomita 30 inaonyesha 69. Mwanafunzi anapima ncha yake kwa chembe hizo kabla na baada ya kazi. Chembe zote kwenye picha zikiwa na umbo moja lisilo la duara, na zote zimeelekea upande mmoja, hiyo ni sura ya ncha.

Kwa mrejesho, yaani mfumo unaopandisha na kushusha ncha ili ifuate uso, kanuni ya mezani ni kulinganisha mwendo wa kwenda na wa kurudi. Nguvu ya mrejesho ikiwa ndogo ncha inachelewa kushuka, na ukingo wa mteremko unaonekana mrefu upande mmoja wakati wa kwenda na upande wa pili wakati wa kurudi. Ikiwa kubwa, mawimbi madogo yanatokea baada ya kila ukingo. Pandisha mpaka mawimbi yaanze, shusha kidogo, kisha usiguse.

PDMS ina shida zake. Ni laini, ugumu wake ni megapaskali chache tu, na inanata. Kiwenzo cha newtoni 40 kwa mita kinachofaa polikaboneti kinaizamisha, hivyo tunashuka hadi karibu newtoni 2 kwa mita na mguso wa vipindi. Molekuli ambazo hazikuungana hupanda kwenye ncha. Ikianza kutoa picha yenye mistari ya mlalo iliyokatika, ncha imechafuka na haitapona kwa kubadilisha mipangilio.

Awamu ya 6: jukwaa la mnyumbuko

*Hali: michoro imekamilika, vielelezo viwili vinajengwa.*

Kipande hiki kinawafanya wanafunzi wajenge mashine inayosogea kwa nanomita, wasiishie kuitumia tu. Ni bamba linalosimama juu ya majani mawili ya chuma cha springi yaliyo sambamba: unene milimita 0.5, upana 10, urefu huru 40. Ugumu wake ni 2Ebt³/L³ (E ni ugumu wa chuma chenyewe, b upana, t unene, L urefu), ambao kwa E ya gigapaskali 200 unatoka karibu newtoni 7,800 kwa mita. Unene uko kwa kipeo cha tatu: jani likizidi kwa milimita 0.05, ugumu unapanda kwa asilimia 33. Sheria ile ile inatawala kiwenzo cha AFM. Chenye unene wa maikroni 4, upana 30 na urefu 125 kina newtoni 41 kwa mita, na kosa la asilimia 10 kwenye unene linafanya kazi ile ile. Mwanafunzi akilishika jani la chuma mkononi, kiwenzo asichokiona hakimsumbui tena.

Jukwaa linavutwa na skrubu ya M3 kupitia springi laini ya newtoni 78 kwa mita. Springi inachukua karibu mwendo wote na jukwaa linapata sehemu moja ya 101. Digrii 10 za skrubu ni maikroni 13.9, jukwaa linasogea nanomita 137. Linapimwa kwa intaferomita (chombo kinachogawa mwanga kwenye mikono miwili na kuukutanisha tena ili kupima mwendo) ya leza ya heli na neoni ya nanomita 632.8, ambapo ukanda mmoja wa mwanga na giza ni nanomita 316.4.

Majani mawili sambamba hayasogei kwa mstari ulionyooka kabisa. Bamba linashuka kidogo, 3δ²/5L, ambapo δ ni mwendo wa jukwaa. Kwa mwendo wa maikroni 50 ni nanomita 37.5, kwa 100 ni 150. Kioo cha intaferomita kikiwa milimita 10 juu ya mstari wa mwendo, mgeuko wa sekunde moja ya pembe unaongeza nanomita 48 ambazo jukwaa halikusogea: hii ndiyo kanuni ya Abbe, na hakuna mfano unaoifundisha vizuri zaidi. Hewa nayo inahesabika. Mkono mmoja wa intaferomita ukizidi mwingine kwa milimita 100, nyuzijoto moja ya hewa inaleta nanomita 93 za uongo, kwa hiyo mikono inasawazishwa na kifuniko cha plastiki kinawekwa.

Tatizo lililojitokeza kwenye kielelezo cha kwanza ni jukwaa kutorudi mahali pake skrubu ikirudishwa. Chanzo ni majani kuteleza chini ya boliti. Bati la kubana la milimita 5, lenye ukingo mkali ulionyooka pale jani linapoanza kuwa huru, limeondoa sehemu kubwa. Kielelezo cha pili kitaongeza gundi ya epoksi chini ya bati.

Ripoti ya mwanafunzi

Ukurasa mmoja wa jedwali la shaka, ukurasa mmoja wa hoja. Alama nyingi zinaenda kwa sentensi inayosema kama tofauti kati ya utabiri, leza na AFM iko ndani ya shaka zake au nje, na kama iko nje, ni chanzo kipi kinachoshukiwa na kipimo gani kingekithibitisha. Namba isiyo na shaka yake haisahihishwi. Picha ya AFM isiyo na mwelekeo wa mifereji, ukubwa, kasi na tarehe ya ugezi inarudishwa.

Kinachofuata

Kizazi cha pili: kutumia nakala ya PDMS kama kalibu ya gundi inayoganda kwa mwanga wa urujuanimno. PDMS inapitisha oksijeni, nayo inazuia gundi kuganda vizuri kwenye uso unaogusa raba, yaani pale pale penye mifereji. Jaribio la kwanza litalinganisha PDMS iliyotoka kwenye ombwe na iliyokaa hewani.

Hadubini ya elektroni itaingia kwa kikao kimoja tu, baada ya kupaka nakala nanomita 5 hadi 10 za dhahabu ili isijae chaji. Nakala iliyopakwa hairudi kwenye leza, hivyo inakatwa vipande viwili kwanza.

Na nakala za kundi la nyuzijoto 25 hazitupwi. PDMS iliyogandia kwenye joto la chumba haijamaliza kuungana baada ya saa 48. Zitawekwa kwenye boksi lililofungwa, mifereji juu, na kupimwa upya kwa uwiano na kalibu zake mwanzoni na mwishoni mwa muhula.